Nyuzi za flati kwenye besi: kuchagua, kufunga na kuzilea mpaka zikomae

BesiTanga

Wakuu habari za jioni. Mwezi huu nyuzi zilizopo kwenye gitaa langu la besi zinatimiza miaka mitatu na sijabadili hata mmoja. Juzi baada ya mazoezi kuna dogo anapiga kwaya ya jirani aliishika, akaburuza kidole kwenye E, uzi ule mnene kabisa, kutoka kwenye nati (kile kipande chenye mifereji juu ya shingo) mpaka usawa wa pikapu (ile sumaku inayodaka sauti), akasubiri ule mkwaruzo wa kucha kwenye zipu na hakuusikia. Akaniuliza kaka hizi nyuzi mbona kama zimepigwa pasi? Nikamwambia hizo ni flati. Nikamuahidi nitamwandikia ninachojua, halafu nikaona kwanini nimwandikie mmoja wakati kila mwezi kuna mtu anauliza kitu hikihiki, basi huu ndio uzi wa nyuzi.

Tuanze na zenyewe. Uzi wowote wa besi katikati una waya wa chuma, huo ndio unaobeba mkazo wote, halafu juu yake unazungushiwa waya mwingine ili unenepe. Kwenye raundi, yaani zile wengi tunazozijua, waya wa nje ni wa duara ndio maana ukipitisha kucha unasikia vijimilima. Kwenye flati tabaka la mwisho ni utepe bapa wa chuma umezungushwa ukabanana kabisa, juu pakabaki laini kama ubapa wa kisu. Wapo wanaodhani flati ni raundi iliyosuguliwa, hapana, za kusuguliwa zipo ila ni aina nyingine ya kati na kati.

Na msidhani ni kitu kipya cha wataalamu. Yule mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, Leo Fender, alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951 flati ndizo zilizokuwa zinafungwa kwenye besi za umeme, raundi zilikuja kushika kasi miaka ya 60 kule Uingereza, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alipokaa na watu wa kampuni ya nyuzi ya Rotosound maana yeye alitaka besi ilie kama nyuzi nene za kwenye piano. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa wengi, sauti ya besi ilikuwa ni flati. James Jamerson aliyepiga nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown pale Detroit alikuwa na Precision ya 1962 imefungwa nyuzi za La Bella nene, kuanzia inchi .052 uzi mwembamba mpaka .110 ule mnene, na hakuzibadilisha mpaka uzi ukatike wenyewe. Alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada na chini ya kile kifuniko cha briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini, alikuwa na kipande cha sponji. Sikilizeni zile rekodi kwa spika nzuri, noti inatoka nene, inakaa kidogo, inakufa vizuri, haimfuati mwimbaji kwenye neno lake.

Sasa kuchagua, na hapa ndipo nilipopotea mimi mwenyewe kwahiyo naomba msome taratibu. Mara ya kwanza niliagiza nyuzi nene kabisa kwasababu nilisoma habari za Jamerson, nikasema kama yeye basi na mimi. Besi yangu ya wakati huo ilikuwa ya bei ya chini na shingo yake nyembamba. Nimefunga jioni, nimetyuni, nimelala. Asubuhi naishika, nyuzi zimepanda juu ya freti ya 12 (freti ni vile vichuma vya kukata shingo) naweza kupitisha penseli, shingo imepinda kama upinde, nikakaza trasi rodi, ile nondo ya ndani ya kunyoosha shingo, mpaka ikagoma na bado haijanyooka. Ilibidi nizitoe zote siku ileile na hela imekwenda.

Nilichojifunza ni kwamba msiangalie unene peke yake, angalieni mkazo. Chukulia E, lazima itetemeke mara 41 na kidogo kwa sekunde, A mara 55, huwezi kubadili hilo. Urefu wa uzi nao kwenye besi nyingi ni inchi 34, huo nao umeshapangwa. Kinachobaki ni uzito, uzi ukiwa mzito lazima uukaze zaidi ndio ufike kwenye noti ileile. Na flati utepe umebanana hauachi nafasi za hewa, kwahiyo mara nyingi flati ya .105 ni nzito kuliko raundi ya .105 na inavuta shingo zaidi. Mtu anatoka raundi .105 ananunua flati .105 halafu anashangaa vidole vinawaka. Shuka kidogo.

Kwa ninazozijua mwenyewe kwa mkono: Chromes za D'Addario za .045 .065 .080 .100 ndizo zinazong'aa zaidi, zikiwa mpya unaweza kudhani ni raundi zenye adabu, zinamfaa anayeogopa kuhama ghafla. La Bella Deep Talkin' Bass za .045 mpaka .105 ni nzito mkononi na sauti yake imezama, ya kizamani hasa. Halafu kuna Jazz Flats za Thomastik-Infeld wa Vienna, .043 .056 .070 .100, hizi ni dunia nyingine, laini mno, zinacheza chini ya kidole, sauti ya kati imejaa, ila ghali na mtu wa kupiga kwa nguvu zitamgongea kwenye freti. Ndizo nilizonazo mimi miaka mitatu hii. (Kitu kinachonifurahisha, koo mbili zilizo nyuma ya La Bella na D'Addario zote asili yake ni kijiji kimoja kinaitwa Salle huko Italia, walikuwa wakitengeneza nyuzi za utumbo kabla hata besi ya umeme haijafikiriwa.)

Nitaendelea na kufunga na kulea, ngoja nile kwanza.

kwaya_moro

Mkuu asante sana, huu uzi nilikuwa nauhitaji. Maswali mawili kabla hujaendelea. Kwanza sisi kwaya yetu mpiga kinanda mkono wa kushoto haukai kimya, flati si zitamezwa kabisa? Pili mimi nyuzi zangu zikifubaa huwa nachemsha, flati nazo zinachemshwa?

Mzee wa Dansi

Vijana umenikumbusha mbali. Miaka ya 80 sisi kwenye bendi uzi wa besi ulikuwa ni mali, ukikatika nyuma karibu na briji hutupi, unaunga fundo na unapiga usiku kucha. Kuchemsha ndio ilikuwa kazi ya jumamosi mchana, sufuria, maji, sabuni ya unga kidogo, dakika 10 unatoa unaanika juani kama dagaa. Ila nakumbuka kulikuwa na mwenzetu mmoja alikuwa na nyuzi laini kaletewa na baharia, yeye alikuwa hazitoi wala hazichemshi, na besi yake ndio ilikuwa inakaa vizuri kuliko zetu zote, mcheza dansi akiweka mguu chini besi nayo imefika palepale. Sikujua zinaitwaje, leo ndio nimejua.

BesiTanga

Mzee wangu shikamoo, hizo zilikuwa flati bila shaka.

@kwaya_moro flati usichemshe kamwe. Raundi unachemsha kwasababu uchafu na jasho vimejaa kwenye vile vijibonde, ukivitoa mng'ao unarudi kwa muda. Kwenye flati kwanza hakuna bonde la kujaza, pili kule kufifia ndiko tunakokutafuta, utakuwa unarudisha nyuma kazi ya miezi yako mwenyewe. Tena nyingi zina nyuzi za hariri za rangi zimezungushwa kwenye miisho, ukiloweka maji yanaingia pale na kutu inaanzia ndani.

Suala la kinanda, hapo kaa chini na mwenzako muongee. Mkono wa kushoto wa kinanda na besi vikikaa oktavu moja hakuna uzi wa kuwaokoa, uwe wa flati uwe wa dhahabu. Mwombe aache kushoto kwenye beti, arudishe kwenye kiitikio.

Haya, kufunga. Nitoe onyo moja kabla ya mengine yote maana limenigharimu uzi mzima: usikate uzi kabla ya kuukunja. Unapima urefu unaotaka, kawaida naacha mpaka kigingi cha pili mbele ya kile unachofunga, unaukunja kwa koleo pembe kamili kama herufi L, halafu ndio unakata mbele ya kona. Ile kona inaushika utepe. Mimi nilikata tu kwa pupa, nikasikia sauti ndogo kama mtu anafungua mkanda wa kaseti, utepe ukaanza kufunguka kutoka kwenye ncha, na uzi ukafa siku ileile, ukigonga noti haikai kabisa, inakwenda dup.

Halafu badilisha mmoja mmoja, usitoe zote nne kwa pamoja ukaiacha shingo bila mzigo. Unapouingiza kwenye kigingi usiupindishe, flati ni ngumu na ikijipinda inabaki imejipinda, itatoa sauti ya kuyumba hata utyuni vipi. Mimi naachia ncha izunguke yenyewe hewani kwanza, ikitulia ndio nakaza. Na kama besi yako nyuzi zinapita mgongoni kwenye mwili jaribu kama briji inaruhusu kufunga kwa juu, kuna watengenezaji wanaonya wazi kwamba ile kona kali nyuma ya mwili inavunja flati.

Nati nayo angalieni. Kama mifereji ya nati ilichongwa kwa nyuzi nyembamba, uzi mnene hautazama, utakaa juu kama kuku kwenye uzio na freti ya kwanza itakuwa ngumu na noti yake imepanda. Hapo mpelekee fundi mwenye faili za nati, usitumie msumeno wa chuma, nimeona besi ya mtu imechongwa hivyo na E ikawa inapiga zii mpaka leo.

Ukishatyuni, bonyeza kila uzi kwa dole gumba palepale unapotoka kwenye briji na palepale unapotoka kwenye nati, taratibu, ili ukae na usiwe na tao. Utaona tyuni imeshuka, kaza tena. Wengi wanalalamika flati hazishiki tyuni kumbe hawakufanya hiki kitu cha dakika moja.

Iache usiku mzima. Kesho yake bana freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa pamoja halafu chungulia kwenye freti ya 7 au 8, kati ya uzi na freti paenee unene wa kadi ya biashara hivi. Pakiwa wazi zaidi trasi rodi inakazwa, robo mzunguko tu, unasubiri, unaangalia tena. Mwisho intonesheni, yaani noti za juu ya shingo kukaa kwenye tyuni, linganisha hamoniki ya freti ya 12 (unagusa tu uzi bila kubana) na noti yenyewe uliyobana hapohapo, noti ikiwa juu kile kichuma ambacho uzi umekalia kwenye briji unakirudisha nyuma mbali na shingo. Usiruke hili, flati zinahama sehemu kabisa ukilinganisha na raundi ulizotoa.

pwani254

Wadau salama? Mimi ni wa Mombasa, napiga reggae kwa hoteli wikendi na chakacha kwa maharusi. Nimefurahia hii maneno. Kwa reggae hata siwezi bishana, Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa Bob Marley, Mungu amrehemu alituacha 2024, ile Jazz Bass yake ilikuwa na flati na unaskia tu. Lakini kuna kitu kinanitatiza buda. Nilirekodi wimbo na rafiki yangu mwenye flati, studio ilikuwa tamu mpaka basi, kufika nyumbani nikaskiza kwa simu, besi hakuna. Imepotea kabisa. Msichana wangu akaniuliza kwani hii haina besi? Sasa watu wetu wote wanaskiza kwa simu. Na pia kuna fundi hapa anapaka mafuta ya nazi kwa nyuzi mpya anasema zinazoea haraka, hiyo ni kweli?

BesiTanga

Salama kaka. Hiyo ya simu ni swali zuri sana na ni la kweli, haina kuzunguka.

Spika ya simu haiwezi kutoa 41 ya E, haifiki hata karibu. Besi tunayoisikia kwenye simu ni zile sauti za juu yake, 82, 123, 164 kwenda mbele, sikio linazikusanya na akili inajaza msingi wenyewe. Raundi imejaa hizo sauti za juu mpaka zinamwagika, flati iliyokomaa ina chache. Kwahiyo mtu wa studio akiona besi haipo kwenye simu anaongeza besi kwenye ikwalaiza, na hapo anaongeza kitu ambacho simu haiwezi kukitoa, anakula nafasi ya ngoma bure. Panda juu badala yake, ongeza kidogo maeneo ya mitetemo 700 mpaka 800 kwa sekunde, piga vidole karibu na briji sio juu ya shingo, na chafua sauti kidogo, dravu (mkwaruzo wa ampu) ndogo tu ambayo ukisikiliza peke yake unaona imekwaruza lakini ndani ya wimbo haionekani. Au tumia piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi. Carol Kaye, mpiga besi wa studio kule Los Angeles, alirekodi vitu vingi mno kwa flati na piki, na kipande cha felti kimelala juu ya nyuzi karibu na briji, na kila noti unaihesabu.

Mafuta ya nazi hapana. Najua tunapenda nazi sisi watu wa pwani lakini mafuta yanashika vumbi, na baada ya wiki mbili kwenye joto hili yananuka na fretibodi nzima inateleza. Kinachohitajika ni mafuta ya mkono wako mwenyewe, kidogokidogo, kila siku.

Sasa hiyo kila siku ndiyo kulea kwenyewe. Flati mpya ina vitu viwili vinavyokera. Ya kwanza ina mlio wa chuma, kama kijiko kwenye sinia, hasa G. Ya pili inanata, kidole hakitelezi kama ulivyoahidiwa, kinashika na kutoa kelele ndogo ya viatu kwenye sakafu. Watu wengi wanazitoa hapo wiki ya kwanza na kuziuza, mimi seti yangu ya pili niliinunua hivyohivyo kwa mtu aliyekata tamaa. Usitoe. Osha mikono kabla ya kupiga, futa kwa kitambaa kikavu cha pamba baada ya kupiga, basi. Piga skeli zote mpaka freti za juu usikae kwenye freti tano za kwanza tu, maana uzi unakomaa pale unapoguswa, nimeona besi ambayo G yake ilikuwa imeiva chini na juu bado inalia sinia.

Kama una onesho jumapili na nyuzi ni za alhamisi, shusha nobu ya toni mpaka nusu na kata sponji ya kuoshea vyombo, ipate unene wa kujaa kati ya nyuzi na mwili karibu na briji, iguse tu isisukume. Hiyo itakupa sauti ya nyuzi za miezi sita leo hii. Zikikomaa unaitoa.

Kwa ratiba yangu mimi, saa moja kwa siku, wiki ya tatu ule mnato uliisha. Mlio wa sinia ulikwenda mwezi wa pili tangu nizifunge. Ila ile sauti yenyewe, ile noti inayotoka kama mtu anagonga mlango wa mbao kwa ngumi iliyofungwa kitambaa, niliisikia mwezi wa nane nikiwa nafanya mazoezi peke yangu sebuleni, nikasimama, nikairudia A ileile labda mara 20.

Mzee wa Dansi

Marahaba mwanangu. Umesema kweli hapo mwisho, ndiyo hiyohiyo ya yule wa baharia.

pwani254

Lakini Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya metali ya Iron Maiden, anatumia flati za Rotosound na anabadilisha kabla ya kila shoo. Si huo ni ushahidi kwamba flati mpya pia iko sawa?

BesiTanga

Iko sawa kwa anachokitaka yeye. Steve Harris anapiga kwa kasi na nguvu mpaka nyuzi zinagonga freti, na ule mlio wa chuma ndio anaoutafuta, ukifa ananunua mwingine, na sauti yake huwezi kuichanganya na ya mtu yeyote. Sibishani naye hata kidogo. Lakini wewe unapiga chakacha na kwaya yetu inapiga mapambio, na seti moja kwetu ni laki na ushee mpaka ikufikie mkononi. Kwa sisi flati ni nafuu kwasababu hii: raundi kwenye hewa hii ya chumvi nilikuwa nabadili kila baada ya miezi mitatu minne, zinaota kutu kwenye vijibonde. Hizi zina miaka mitatu. Piga hesabu. Na freti zangu hazijalika, na kwa mwenye besi isiyo na freti ndio kabisa, raundi zinakula ule ubao kama tupa.

kwaya_moro (wiki sita baadaye)

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilichukua Chromes .045 mpaka .100. Nilikunja kabla ya kukata. Trasi rodi fundi kazungusha robo tu ikakaa. Wiki ya kwanza nilitaka kuzitoa kweli, mwalimu wa kwaya akaniambia besi inapiga kelele kama bati, nikaweka sponji kama ulivyosema na jumapili ile hakusema neno. Mpiga kinanda tumeongea, beti ananiachia. Sasa mnato umeisha na E na A zimeshaanza kujaa, ila D naona imelala kuliko wenzake, ina sauti ndogo, na uzi ni mzima hauna kona wala haujafunguka. Shida nini?

BesiTanga

Hongera sana ndugu. Hiyo D usiwe na wasiwasi nayo, angalia pikapu. Ulipotoka raundi urefu wa pikapu ulipangwa kwa nyuzi zile. Chukua bisibisi, pandisha upande wa D na G nusu mzunguko, piga nyuzi zote nne kwa nguvu ileile, sikiliza, pandisha tena nusu kama bado. Usipite hapo, ikikaribia sana sumaku inaushika uzi na noti za juu zinayumba. Kama pikapu ni ile iliyogawanyika vipande viwili ya Precision basi D na G wana kipande chao, ni rahisi zaidi, unapandisha hicho tu. Fanya leo kabla ya mazoezi halafu toa ile sponji upige bila hiyo, useme imekuwaje.